Njia ya Ng'ombe Pale Shingoni

Jillo, walalo, ndugu yangu,

Jeshini walitufundisha kwamba barua huanza kwa kumuuliza hali yule unayemwandikia, kisha unasema wewe ni mzima, kisha ndipo unaomba unachotaka. Wewe sitakuuliza hali. Mimi mwenyewe si mzima sana, magoti yamegoma, lakini bado nachinja, na watu wa Garissa bado wananunua nyama yangu na kuilaumu kila asubuhi. Ninachotaka kukuomba nitakifikia. Usiniharakishe, maana wewe hukuwa mtu wa haraka hata siku moja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo pamoja. Kisomali ulikijua cha kutukania ng'ombe tu, na lugha yenu ya Wamunyoyaya ilinishinda. Basi miaka yote ile, mchinjaji wa Kisomali na mkulima wa mtoni, tulikutana katikati kwenye lugha ya watu wengine, kila mmoja akaivunja alivyoweza. Ulinicheka nikisema "bole bole". Mimi nilikucheka ukisema "mto hii". Najua hukujua kusoma. Lakini huko uliko nadhani hakuna anayehitaji karani wa kumsomea, kwa hiyo hilo halinizuii.

Acha nianze na mto, maana ungefufuka leo ndio ungeuulizia kwanza, kabla ya mkeo.

Unakumbuka Tana ilivyokuwa ikipita hapa. Ilishuka kutoka bara, ikafika juu kidogo ya mji, ikageuka ghafla kuelekea machweo, ikazunguka mbali, halafu ikarudi karibu kabisa na pale ilipogeukia. Ndani ya mzunguko huo ndimo kilimokuwa kijiji chenu cha Kizingoni, na mahindi yenu na kunde zenu, maji pande tatu. Upande wa nne, uliokiunganisha kijiji na huku kwetu mjini, ulikuwa kipande chembamba cha ardhi ya juu. Mtu mwenye mkono mzuri angeweza kusimama kwenye maji ya juu akatupa jiwe likaangukia maji ya chini. Pale mlipaita Shingoni, na pale mlizika watu wenu, kwa kuwa mafuriko hayakupapanda. Na wewe ulizikwa pale. Nilikuosha mimi na ndugu zako wawili, nikashuka kaburini kukupokea.

Shingo haipo tena, Jillo. Mto umeikata.

Ilikatika mwaka uleule ulipokufa wewe, siku arubaini na kitu baada ya maziko. Sasa maji hayazunguki. Yanakuja moja kwa moja kutoka juu na kupita pale penye Shingo, na yakitoka hapo yanagonga ukingo wa mji kwa nguvu zote. Mahali pangu pa kuchinjia pamekwenda. Njia ya punda wa kuteka maji imekwenda, na duka moja la mabati lilikwenda likiwa na chumvi yote ndani. Kila asubuhi ukingo unadondosha kipande, unasikia tu kishindo, watu wanageuza shingo kisha wanaendelea na biashara. Machinjio mapya wameyaweka juu ya mji. Damu inashuka hadi pale wanawake wanapoteka. Nimelalamika, lakini nalalamika nikiwa na kisu mkononi, na mwenye damu ni mimi.

Na ule mzunguko wa zamani, uliokuwa mto wenyewe, umebaki nyuma ya kijiji chenu kama bakuli lililosahauliwa. Maji yamesimama. Mwaka wa kwanza samaki walikuwa wengi hadi watoto waliwashika kwa mikono, na watu walishukuru. Mwaka wa pili maji yakawa kijani, samaki wakaelea, na mbu wakaja kwa wingi ambao hata nyinyi watu wa mtoni hamjauona. Homa imebeba watoto wenu. Mashamba hayafuriki tena, kwa hiyo hayapati tope, na ardhi imetoa chumvi nyeupe juu. Wanawake wa Kizingoni wanavuka shamba zima na mtungi kichwani kuja kuteka kwenye mto mpya, mahali ambapo zamani walitembea hatua ishirini.

Wewe ulikuwa ukiniambia mto huu umeanza kuugua kabla yetu. Ulisema ulipokuwa mtoto msitu ulibana kingo zote mbili, mtu alisikia maji kabla ya kuyaona. Halafu mji ukaota, kila nyumba ikataka nguzo, kila jiko likataka kuni. Vikaja vita vya Mtaliano, na jeshi likapiga kambi hapa, na mimi nilikuwa ndani ya jeshi hilo na shoka mkononi. Tulikata miti ya ukingoni kwa wiki nzima tukiimba. Ndivyo tulivyojuana, unakumbuka. Ulikuja ukasimama, ukatuangalia, ukaniuliza mimi peke yangu, sijui kwa nini mimi: "Mti hii iliwakosea nini?" Nikakujibu vibaya. Kesho yake ukaniletea mahindi ya kuchoma. Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayemlisha aliyemtukana.

Na maji yenyewe yalizidi kuwa mekundu mwaka hata mwaka. Ulisema huo ni udongo wa mashamba ya watu wa juu, unakuja bila wenyewe. Mimi sikuona lolote. Kwetu maji ni maji, mekundu au meupe, mradi ng'ombe wanakunywa.

Sasa nimefika pale ninapopakwepa.

Unajua jilali ile, kiangazi kile cha mwisho cha maisha yako. Visima vilikauka kuanzia Wajir kushuka, na mifugo ikamiminika hapa kutoka kila upande, hata kutoka Hulugho na Diff. Sehemu ya mji ya kunyweshea ilijaa hadi ng'ombe walikufa wakiwa wanaona maji. Ng'ombe wangu na wa ndugu zangu walikuwa wamebaki ngozi. Nikaja kwako nikakuomba unipitishie Shingoni. Nilikueleza desturi yetu ya kisimani: ng'ombe aliyekunywa hakutani na mwenye kiu, wakikutana wanapigana pembe na kukanyaga ndama. Kwa hiyo nilitaka mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Wateremke wanywe kwenye maji ya juu, wapande, wakatishe Shingoni pembeni mwa makaburi, watokee kwenye maji ya chini. Malka mbili, yaani miteremko miwili ya kushukia majini, na njia moja katikati.

Uligeukia shamba lako. Nikadhani unaogopa mahindi. Nikakuapia kwa Mungu kwamba hakuna bua moja litakaloliwa, nitazungushia njia ua wa miiba pande zote mbili, mwembamba, ng'ombe wapite mmoja mmoja. Ukasema, "Mahindi si shida, Dubow. Shida ni mlango." Ukaniambia mto haupasui ukingo mzima, unatafuta palipofunguliwa. Halafu ukatazama ndama wangu aliyekuwa amelala hawezi kuinuka, ukasema sawa. Wazee wenu walikuwa wamekataa. Wewe ulikubali kwa niaba yao na ukabeba maneno yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu wa pwani, na mimi niliyajua maneno hayo tangu jeshini, lakini siku ile ndiyo nilimwona mtu mwenyewe.

Sharti lako lilikuwa moja. Njia ifungwe kabla maji ya bara hayajashuka. Vigingi vya mikoma, matawi, udongo, matete yapandwe juu. Kazi ya siku tatu kwa watu kumi.

Ahadi ya mahindi niliitimiza. Hakuna bua lililoguswa. Ua wangu wa miiba ulikuwa mzuri hata watu wa Bura walikuja kuutazama. Na kwa sababu ulikuwa mzuri, kila kwato ilikanyaga mahali palepale, siku baada ya siku, miezi mitatu, hadi njia ikazama chini ya magoti, kisha chini ya kiuno. Ningewaacha ng'ombe watawanyike wakala nusu ya shamba lako, huenda Shingo ingekuwepo mpaka leo. Nilichimba mfereji kwa uangalifu wangu mwenyewe, nikijisifu.

Kisha kifua chako kikakushika. Siku ya pili ya ugonjwa, alasiri, uliniita ndani. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, unapumua kwa kazi. Ukaniambia, "Funga njia." Nikakuambia mvua iko mbali, angalia mbingu. Ukasema, na haya nayaandika kama ulivyoyasema: "Mto hii hainywi mvua ya Garissa. Usiangalie juu. Angalia maji. Maji ikigeuka rangi, una siku nne, siku tano. Basi." Nikasema nitafunga. Ukaniuliza lini. Nikasema kesho.

Ulikufa keshokutwa yake, na mimi nilikuwa sijapeleka hata kigingi kimoja.

Sitajificha nyuma ya msiba. Siku arubaini ni nyingi. Ng'ombe bado walikuwa na kiu, ndugu zangu walinisihi tuache njia wazi wiki moja zaidi, kisha wiki nyingine. Nilikubali kwa sababu mbingu ilikuwa safi kabisa. Mimi ni mtoto wa nchi kavu, Jillo. Kwetu maji hutoka juu ya kichwa chako. Unaona wingu, unasikia ngurumo, unahamisha wanyama kutoka kwenye laga, ule mkondo mkavu, mvua inashuka. Hakuna mtu katika ukoo wangu tangu Adamu aliyewahi kuzama chini ya jua kali. Nilisubiri mvua ya gu, masika yetu, ije ninuse harufu yake, ndipo nifunge.

Na nililiona lile ulilolisema. Hili sijamwambia mtu mpaka mwezi huu. Nilikuwa naosha matumbo ya ng'ombe mtoni asubuhi, nikaona maji yamekuwa mekundu zaidi, mazito, na matawi mabichi yanaelea. Mwanamke mmoja wa punda akasema maji yamebadilika leo. Niliinua macho nikatazama mbingu. Ilikuwa buluu. Nikasema moyoni, kesho.

Siku ya tano mto ulijaa, jua likiwa kali, vumbi likiwa barabarani, hakuna hata tone. Ulipanda kimya. Uliikuta njia yangu na miiba yake pande mbili, ukaingia kwa adabu kama ng'ombe, mmoja mmoja. Kufikia adhuhuri njia ilikuwa kijito. Kufikia alasiri nilisimama upande wa mji nikaona ukingo wa Shingoni ukianguka vipandevipande, na watu wenu upande ule wakikimbia na mbuzi, wakiniita kwa mikono. Kesho yake kulikuwa na mto kati yetu.

Kisha likatokea jambo ambalo ungelicheka. Wajua sheria tuliyowekewa na serikali sisi Wasomali, kwamba Tana ndiyo mpaka, na ng'ambo hatuvuki bila pasi. Kizingoni kilikuwa upande wetu tangu kuumbwa. Shamba lako halikusogea hata hatua moja, lakini liliamka asubuhi moja likiwa ng'ambo. Nilikwenda kuomba kupita kwenda kutoa pole, karani wa pasi akanitazama kama mtu mwenye homa, akasema, "Ng'ambo ni ng'ambo." Nikarudi nyumbani. Na ngoja nikuambie ukweli wote: nilirudi nimefurahi. Pasi ingepatikana, ningeomba mara ya pili au ya tatu ningepata, kila mchuuzi wa hapa ameipata. Sikuomba. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba nimezuiliwa. Niliishi ndani ya neno hilo miaka miwili, nikimpelekea Habiba nyama kwa watu wa feri, minofu mizuri, nikidhani mke wa rafiki yangu analishwa.

Huko ng'ambo, kumbe, walikuwa wanakula jina lako.

Nilipata habari hizo kipande kwa kipande, kutoka kwa wavuvi wanaoleta samaki sokoni. Watu wa Kizingoni walisema Jillo ndiye aliyefungua mlango. Wazee walikataa, yeye akakubali, kwa ajili ya maziwa ya Wasomali. Jillo ndiye aliyeua mto. Mtoto akifa kwa homa, mama yake alipita mbele ya nyumba yenu akilia kwa makusudi. Ndugu zako walewale walioshika maji nikikuosha waliacha kula na Habiba. Nilisikia hayo yote huku nikikata nyama. Nilikata tu. Majuto ni mjukuu, lakini wengine tunakaa nyumba moja naye na hatumsalimii.

Labda ningekaa hivyo mpaka nife. Lakini mto haujatosheka. Kila ukijaa unakula ukingo wa pande zote mbili, na upande wenu ule ukingo ni makaburi. Nimekuwa nikiyahesabu nikiwa huku. Makaburi sita yameingia majini. Nimeona kwa macho yangu sanda ikining'inia kwenye udongo mchana kweupe, na watu wa mji wamesimama wakiangalia, mpaka kipande kikaanguka. La kwako lilikuwa la tatu kutoka ukingoni. Baada ya mvua ya mwisho likawa la kwanza.

Mwezi uliopita wazee wenu walimuuliza sheikh wa mjini, akawaambia kwa dharura ya maji inaruhusiwa kuwahamisha marehemu. Wakaanza kuwahamisha, nyuma kabisa, mahali pakavu. Walimhamisha mzee wenu mkubwa, wakahamisha watoto. Mvuvi aliyeniletea habari aliweka samaki mezani kwangu akasema, "Jillo watamwacha. Wamesema alifungulia mto mlango, basi mto imchukue." Akaendelea kuzungumzia bei ya chumvi.

Nilifunga duka. Sikumbuki kama nilimlipa.

Pasi niliipata siku hiyohiyo, Jillo. Siku hiyohiyo. Niliomba kwa heshima, karani akaandika, hakuniuliza hata swali moja. Niliishika ile karatasi nikashikwa na hasira, na hapakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Nilivuka na feri asubuhi. Bara kulikuwa na mawingu, hapa jua. Safari hii niliangalia maji. Yalikuwa yameanza kugeuka.

Wazee walinipokea vizuri, na hilo lilinikata zaidi. Walinipa pole kwa kufiwa na rafiki, baada ya miaka miwili. Niliketi, nikawaambia yote kwa Kiswahili chetu kibovu, polepole ili hata watoto wasikie. Kwamba wewe hukuwa umefungua mlango, ulinikopesha, nami sikuufunga. Kwamba ulinituma ukiwa unakata roho. Kwamba maji niliyaona yakigeuka, nikatazama mbingu. Sikulia, ingawa nilitaka. Nilipomaliza, mzee mmoja aliuliza swali moja tu: nilijua tangu lini. Nikasema tangu siku ile.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa tayari hata kwa fimbo. Badala yake wote waliinamisha vichwa, na sikuelewa, mpaka Habiba alipozungumza kutoka pale wanawake walipokuwa wameketi.

Alikuwa anajua, Jillo. Siku uliponiita ndani alikuwa nyuma ya ukuta anakuchemshia maji. Alisikia "funga njia", alisikia "lini", alisikia "kesho". Na alisema. Wiki ileile mto ulipokata, alisimama mbele ya wazee haohao akasema mume wangu alimwagiza Dubow, na Dubow aliahidi. Wakamjibu asimsingizie mtu aliyemwosha mumewe na kushuka naye kaburini, mtu ambaye mpaka leo anamletea nyama. Walimwita mwongo. Tangu hapo hakuna neno lake lililosikilizwa pale kijijini, wala kuhusu shamba, wala kuhusu mwanawe. Kila mnofu niliotuma ulikuwa ushahidi dhidi yake. Alikuwa akiwapa majirani, wakala, wakanisifu.

Mimi nilidhani kimya changu kilimficha mwoga mmoja. Kumbe kilimfanya mjane wako mwongo, na wewe kikakufanya msaliti, na mimi kikanipa sifa. Nimekaa na jambo hili wiki mbili sasa na bado sijui niliweke wapi.

Wazee walizungumza wao kwa wao, kisha wakasema umesafishwa, utahamishwa kama wengine. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa.

Habiba akasimama. Akasema, "Kesho ya nani?"

Hakungoja jibu. Alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa pale, akatembea kuelekea Shingoni, na mwanao nyuma yake, na ndugu zako wakatazamana halafu wakamfuata mbio kwa aibu. Na mimi nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya kanzu. Habiba aligeuka akaniona. Alizungumza bila kupandisha sauti. Akaniambia nimekwisha kukuweka ardhini mara moja, inatosha. Akaniambia nirudi kwetu. Kisha akasema jambo moja zaidi, kwamba hataki nijue utakapolala, nisije kusimama juu ya kichwa chako nikatafuta usingizi wangu. Niliinamisha kichwa nikasema nimesikia, mama.

Nilikwenda kwenye feri. Nilisikia majembe. Sikugeuka.

Mto ulijaa siku nne baadaye, jua likiwaka. Nilisimama upande wa mji pamoja na wengine. Ulichukua kipande chote kile, kwa kishindo kimoja, na shimo lilikuwa tupu. Mtu aliyekuwa kando yangu akasema alhamdulillahi, la nani hilo.

Basi ombi langu, rafiki yangu, si msamaha. Msamaha una wenyewe wengi kabla yangu, kuna akina mama wa watoto wale, kuna Habiba. Naomba tu usidhani kwamba nimekuacha. Miaka miwili nilikuwa na kaburi la kuliangalia ng'ambo ya maji, na nilikuwa nikisema kwangu kwamba huko ndiko kukutembelea. Sasa sina. Ndiyo maana nimekaa mchana huu na kalamu, mzee mzima, nyama zinaharibika. Nimetuma watu wangu wakapande matete na mikoma upande huu wa mji, na wafugaji wanaokuja na kiangazi nimewaambia wanywe kwenye malka ya feri au wasinywe, na wameniita mkorofi. Nyama kwa Habiba nimeacha kutuma. Hakuzitaka tangu mwanzo.

Wavuvi wote wanajua ulipo. Kila asubuhi wanakaa mezani kwangu, na ningetaja jina lako tu, mmoja wao angeninyooshea kidole akanionyesha mti, au kichuguu, au nyumba iliyo karibu. Ni watu wa maneno mengi. Juzi mmoja alianza, "Yule Jillo, pale walipomlaza..." nikamwambia anyamaze, nikampa samaki wake arudi nao.

Nakuaga, walalo. Mungu akupe nafasi na akupoze. Popote walipokulaza, nakuahidi sitauliza.

Dubow